Kabla ya MRI Kisangani, kipimo cha damu Barumbu

Mkoani Tshopo, mtu akianza kuvimba tumbo, macho yakawa ya manjano na mwili ukakonda, ndugu zake huanza kuhesabu pesa. Pesa ya boti au pikipiki hadi hospitali kubwa ya Kisangani. Pesa ya ekografi. Pesa ya skana. Na daktari akitaja kipimo cha MRI, au IRM kama wanavyosema waliosomea Kifaransa, hesabu yaweza kugeuka kuwa ya kuuza shamba na kutafuta tiketi ya ndege ya kwenda Kinshasa.

Ndiyo maana wengi huuliza ni lini mashine ya namna hiyo itapatikana karibu nao, kwa bei wanayoiweza. Ni swali la haki. Lakini kwa mtu wa Barumbu kuna swali linalotangulia, nalo halijibiwi na mashine yoyote: ni nani atakayejua kwamba ini lake liko hatarini wakati bado anajisikia mzima?

Hapo ndipo penye tatizo lote. MRI humsaidia zaidi mgonjwa ambaye bado hajaanza kuumwa. Huyo kamwe hatafika kwenye mashine kama hakuna aliyempima damu kijijini kwake, akaandikwa na kufuatiliwa. Serikali, wafadhili na wakuu wa hospitali wakianza na mashine na kuacha kipimo cha damu, watakuwa wamejenga paa kabla ya kuta.

Mashine inaona nini

Saratani ya ini inayoanzia ndani ya ini lenyewe ni miongoni mwa zinazoua zaidi duniani. Mwaka 2022 ilikadiriwa kwamba watu wapatao 866,000 waliipata na karibu 758,000 walikufa kwa sababu yake. Idadi ya vifo iko karibu sana na idadi ya wagonjwa, maana wengi hugunduliwa wakati tiba imeshapitwa.

Kuigundua kwa picha kunawezekana kwa sababu ya tabia moja ya ini. Ini lenye afya hupata sehemu kubwa ya damu yake, takriban robo tatu, kupitia mshipa mkubwa unaotoka kwenye matumbo. Iliyobaki huletwa na ateri. Uvimbe wa saratani hufanya kinyume: unajilisha hasa kwa damu ya ateri. Mgonjwa akichomwa dawa ya kung'arisha picha, ambayo kwenye MRI huwa na madini ya gadolini, dawa hufika kwanza kupitia ateri. Katika sekunde hizo uvimbe hung'aa kuliko ini linaouzunguka. Dakika chache baadaye, dawa inapokuwa imeenea kwenye ini zima, uvimbe hufifia na kuonekana mweusi zaidi kuliko jirani zake. Kung'aa mapema na kufifia baadaye ndiyo alama ambayo daktari wa picha huitafuta.

Alama hiyo ina thamani kubwa. Saratani nyingi haziwezi kuthibitishwa bila kukata kipande cha nyama na kukitazama kwa darubini. Saratani ya ini ni tofauti: kwa mtu anayejulikana kuwa na hatari, uvimbe wa sentimeta 1 au zaidi wenye alama hiyo unaweza kutosha kuthibitisha ugonjwa bila sindano. Kwa mgonjwa ambaye ini limeshindwa kutengeneza vitu vya kugandisha damu, kuepuka sindano ni kuepuka hatari ya kuvuja damu ndani ya tumbo.

MRI haitumii mionzi ya eksirei. Inatumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, na kwa uvimbe mdogo, hasa wa chini ya sentimeta 2, huona vizuri kuliko skana ya CT. Waliofungua njia hiyo, Paul Lauterbur na Peter Mansfield, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2003. Hakuna sababu ya kuidharau kazi yao kwa hoja kwamba Tshopo ni mbali.

Masharti mawili

Hata hivyo, picha hiyo ina masharti, na mawili kati yake yanaigusa Barumbu moja kwa moja.

La kwanza ni lile neno: mtu anayejulikana kuwa na hatari. Kanuni ya kusoma picha bila kukata nyama imewekwa kwa watu wenye virusi sugu vya homa ya ini aina ya B, au wenye ini lililojaa makovu na kusinyaa. Kwa mtu asiyejulikana hali yake, uvimbe uleule unaong'aa na kufifia hauwezi kuhukumiwa kwa uhakika uleule. Kwa maneno mengine, picha ya mamia ya dola inategemea jibu la kipimo cha damu cha bei ndogo, kile cha kuangalia kama mtu ana virusi vya B. Kipimo hicho cha haraka kinahitaji tone la damu na dakika chache. Ni cha jamii ileile ya vipimo vinavyotumika kukagua damu kabla ya mgonjwa kuongezwa. Hakihitaji umeme wa usiku na mchana wala mtaalamu aliyesoma ng'ambo.

La pili linahusu wakati. Wakati wa kupigwa picha ya ini, mgonjwa hulala ndani ya mashine na kuambiwa azuie pumzi kwa sekunde 15 hivi, tena na tena. Aliyejaa maji tumboni, anayehema kwa shida na kuumia kila akigeuka, hawezi kufanya hivyo vizuri. Picha hutoka imetikisika, na maji yenyewe huiharibu zaidi. Basi mgonjwa anayeuza shamba ili afike kwenye MRI mara nyingi ndiye ambaye mashine inamfaa kidogo zaidi. Hata picha ikitoka safi, itamweleza kile ambacho ekografi ya kawaida na mkono wa daktari aliyezoea vilikwisha kueleza.

Takwimu za Afrika zinaonyesha uzito wa jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 2,500 wa saratani ya ini kutoka nchi tisa, zikiwemo Uganda, Tanzania na Misri, ulikuta tofauti ya kutisha. Nchini Misri nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 10 baada ya kugunduliwa. Katika zile nchi nyingine, nusu yao walikufa ndani ya miezi miwili na nusu. Umri wa kati wa wagonjwa Misri ulikuwa miaka 58, kwingineko 46. Hao ni watu wa kulima, kuvua, kulipa karo na kulea. Wanakufa wakiwa bado wanategemewa.

Misri haikufanikiwa kwa kununua mashine peke yake. Nchi hiyo ilikuwa na mzigo mkubwa wa homa ya ini aina ya C, ikaamua kuwatafuta wenye virusi. Katika kampeni iliyoanza mwaka 2018 ilipima makumi ya mamilioni ya watu na kuwapa dawa waliokutwa na maambukizi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua kwa hatua hiyo. Wagonjwa wake walikuwa pia na nafasi kubwa zaidi ya kufuatiliwa na kutibiwa uvimbe ukiwa mdogo. Mashine zilikuwa na kazi kwa sababu kulikuwa na watu wa kupelekwa kwao kwa wakati.

Ugonjwa unaoanzia siku ya kuzaliwa

Katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, mama wa saratani ya ini ni virusi vya B. Navyo mara nyingi huingia mwilini mapema mno. Mtoto akiambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa virusi kubaki naye maisha yote hufikia asilimia 90. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida mwili huvifukuza, na wanaobaki navyo hawafikii asilimia 5. Kwa hiyo mtu anayekufa kwa saratani ya ini akiwa na miaka 46 huenda alibeba chanzo chake tangu siku ya kwanza ya uhai wake, bila homa, bila maumivu, bila mtu kujua.

Kinga ipo. Chanjo ya homa ya ini B ikitolewa ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, kisha dozi nyingine zikafuata, hupunguza sana maambukizi hayo. Taiwan ilianza mpango wa kitaifa wa kuchanja watoto mwaka 1984, na katika miaka kumi iliyofuata saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilishuka kwa karibu nusu. Ni chanjo inayozuia saratani, na ilikuwapo kabla wengi wa wazazi wa leo wa Barumbu hawajazaliwa.

Kongo ilishaingiza chanjo ya B katika ratiba ya watoto wachanga, ndani ya sindano ya mchanganyiko inayoanza wiki ya 6. Wiki 6 ni nyingi kwa mtoto ambaye mama yake ana virusi vingi kwenye damu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 ilisema kanda ya Afrika inabeba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya homa ya ini B duniani, huku asilimia 18 tu ya watoto wake wakipata dozi ya siku ya kuzaliwa.

Hakuna anayeweza kusema kwamba jambo hilo haliwezekani Kongo. Mwaka 2018 na 2019, katika vituo viwili vya uzazi vya Kinshasa, Binza na Kingasani, watafiti waliwapima wajawazito virusi vya B, wakawapa dawa ya tenofovir wale waliokuwa na virusi vingi, na watoto wakapewa dozi ya kwanza mara walipozaliwa. Kazi hiyo ilifanyika kwa kutumia vituo vilivyokuwa vikiwapima wajawazito hao virusi vya UKIMWI. Wauguzi walikuwapo, na kliniki ya wajawazito ilikuwa ikiendelea. Kilichoongezwa ni kipimo kimoja, dawa na chupa ya chanjo.

Na tenofovir si ngeni vijijini. Ni dawa ileile iliyomo kwenye vidonge vya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ripoti hiyohiyo ya 2024 inataja bei ya kimataifa ya dola 2.4 kwa mwezi. Lakini duniani kote ni asilimia 13 tu ya wenye virusi sugu vya B waliojua hali zao mwaka 2022, na asilimia 3 tu waliokuwa kwenye dawa.

Kuna na chanzo kingine kinachokaa jikoni na ghalani: sumukuvu. Ni sumu inayotokana na kuvu kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na nchi ya mvua kama Tshopo inaipa kuvu mazingira inayoyapenda. Utafiti wa karanga za masoko ya Kinshasa uliochapishwa mwaka 2011 uliikuta sumu hiyo. Ikiwa nyingi sana inaua kwa haraka, kama Kenya ilivyoona mwaka 2004 pale watu 125 walipokufa baada ya kula mahindi yenye kuvu. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, inaliharibu ini polepole, na kwa mtu mwenye virusi vya B hatari huongezeka mara nyingi. Kukausha vizuri, kuweka magunia juu ya mbao badala ya udongo, na kutupa punje zilizobadilika rangi ni kazi ya kuzuia saratani, ingawa haiingii katika bajeti ya hospitali yoyote.

Hoja ya wanaotaka mashine

Wapo watakaosema kwamba hoja hii ni namna ya kuwaambia watu wa Tshopo wabaki na vidogo huku wakubwa wakipanda ndege kwenda kupimwa. Wana haki ya kushuku. Miaka ya mwanzo ya 2000 ilisemwa pia kwamba dawa za UKIMWI ni ghali mno na ngumu mno kwa Mwafrika wa kijijini. Waliosema hivyo walikosea, na gharama ya kosa lao ililipwa kwa maisha ya watu.

Upungufu wa mashine nao ni wa kweli. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulihesabu mashine 84 tu za MRI kwa watu zaidi ya milioni 370 wa Afrika Magharibi, wakati Japani ina zaidi ya 50 kwa kila watu milioni moja. Mkoa wenye chuo kikuu kinachofundisha madaktari, kama ulivyo Tshopo na Chuo Kikuu cha Kisangani, una haki ya kuwa na picha za daraja la juu. Mwanafunzi anayesomea udaktari Kisangani hapaswi kuijua MRI kwa kuiona kitabuni.

Lakini dawa za UKIMWI zilifaulu kwa sababu hazikuletwa peke yake. Zilikuja na kipimo cha damu, daftari la wagonjwa, muuguzi aliyefundishwa na mtu wa kumtafuta aliyekosa kurudi. MRI inahitaji vitu hivyohivyo, na zaidi. Sumaku ya kawaida ya hospitali hupozwa kwa heliamu iliyogeuzwa kuwa kimiminika, yenye baridi ya karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Kipoozeo kinataka umeme saa zote, hata usiku ambao hakuna mgonjwa. Kisangani inategemea kituo cha umeme wa maji cha mto Tshopo, na wakazi wake wanajua mitambo ya kituo hicho imeharibika mara ngapi. Mashine bila jenereta ya uhakika, mkataba wa matengenezo, dawa ya gadolini na daktari wa kusoma picha za ini itageuka chumba kilichofungwa kufuli chenye bango la mfadhili mlangoni.

Ipo pia hatua ya katikati isiyopewa sifa. Mwenye virusi sugu vya B aliye katika kundi la hatari, au mwenye ini lililosinyaa, anatakiwa kupigwa ekografi kila baada ya miezi 6. Ekografi ni mashine inayoweza kubebwa mkononi na kuendeshwa kwa betri. Ikiona kitu, skana ya CT iliyopigwa kwa hatua zote, kabla ya dawa na baada yake, hutosha kuthibitisha sehemu kubwa ya visa. MRI hubaki kwa vile vyenye utata na vivimbe vidogo. Mkoa ukiwa na pesa za kitu kimoja leo, ekografi kumi zenye watu waliofundishwa zitapata uvimbe mwingi wa kutibika kuliko sumaku moja.

Kinachodaiwa

Kwa hiyo madai ya watu wa Barumbu yawe na mpangilio. Kwanza, dozi ya homa ya ini B ndani ya saa 24 katika kila chumba cha kuzalia, na kipimo cha B kwa kila mjamzito siku ileile anapopimwa virusi vya UKIMWI. Mpango wa kujifungua bure ulioanza Kinshasa Septemba 2023 unatoa mlango mzuri wa kupitishia huduma hiyo kila unapofika. Pili, kipimo hicho kwa watu wazima, na daftari la wenye virusi katika kila zoni ya afya, ili asiyerudi kwa ekografi atafutwe. Tatu, dawa kwa wanaostahili. Nne, Kisangani iwe na skana na watu wa kuisoma, kisha MRI iliyopangiwa umeme, fundi na bei inayotangazwa wazi.

Lipo na la tano, ambalo watunga mipango hulisahau. Mgonjwa aliyekwisha kufika mwisho anahitaji daktari mwenye ujasiri wa kumwambia ndugu: msiuze shamba, picha hii haitabadilisha kitu. Kisha ampe mofini ya kutuliza maumivu, amtoe maji tumboni apumue, na awapime virusi vya B watoto na ndugu zake kabla hawajaondoka hospitalini. Familia nyingi zimefilisika kutafuta jina la ugonjwa ambao tayari ulikuwa umeshinda, huku waliobaki wakirudi nyumbani bila kupimwa, pengine wakiwa na virusi vilevile.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Katika saratani ya ini, ufa huonekana miaka 30 au 40 kabla ya ukuta kuanguka, na unaonekana kwa tone moja la damu. MRI ni chombo kizuri cha kuutazama ukuta. Tshopo iidai, na iipate. Ila siku itakapowashwa, wa kwanza kulala ndani yake awe mtu wa Barumbu anayetembea kwa miguu yake, mwenye uvimbe wa sentimeta moja na nusu ambao muuguzi wa kijiji chake aliujua mapema.